Picha ya Ukutani na Wimbo wa Usharika: Kipimo cha Sanaa ya Ibada katika Afrika ya Mashariki

Tangu makanisa ya Afrika ya Mashariki yalipoanza kuzipokea sanaa za wenyeji katika ibada, sifa moja imezoeleka kutolewa kwa kila kazi ya namna hiyo, nayo ni kwamba kazi ni “ya Kiafrika”. Husemwa juu ya picha yenye Kristo mweusi, juu ya wimbo uliotiwa katika mahadhi ya ngoma, juu ya msalaba wa mpingo na juu ya vazi la kasisi lililodariziwa nakshi za kienyeji. Sifa hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini haipimi kitu. Haimwelezi msomaji kama picha imechorwa vyema au vibaya, wala kama maneno ya wimbo yamekaa juu ya mahadhi yake au yanaburutwa nayo. Tena huficha swali lililo gumu kuliko yote, yaani Mwafrika huyo ni yupi, wa lugha gani, na amekusanyika pamoja na nani.

Swali hilo laweza kuchunguzwa vyema kwa kuzilinganisha kazi mbili zilizotokea katika muda usiozidi miaka kumi na mitano. Ya kwanza ni picha tano za ukutani alizozichora Elimo Njau mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, mjini Murang'a, ambao wakati huo uliitwa Fort Hall. Ya pili ni wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, “Mfurahini, Haleluya”, uliotungwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1960 juu ya mahadhi ya Kihaya. Moja ni kazi ya macho na nyingine ni ya masikio. Moja ni ya Waanglikana wa Kenya na nyingine ni ya Walutheri wa Tanzania. Hata hivyo zote mbili zimeshughulika na jambo lile lile, nalo ni jinsi kundi la watu waliokusanyika kuabudu linavyoweza kuijua imani yao kwa vitu vilivyo vyao.

Kanisa la Murang'a lilijengwa kwa ajili ya ukumbusho. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya mwezi wa Oktoba 1952, na katika miaka iliyofuata Wakikuyu wengi waliuawa, baadhi yao wakiwa Wakristo waliokataa kula kiapo cha Mau Mau. Jengo liliwekwa wakfu kwa kumbukumbu ya Wakristo hao. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, na baadaye kanisa likawa kanisa kuu la dayosisi. Aliyeitwa kuzipamba kuta zake hakuwa mwenyeji wa nchi ile. Njau alizaliwa Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1932, akasoma uchoraji Makerere katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa na Margaret Trowell. Alikuja Murang'a akiwa Mchaga kati ya Wakikuyu, katika wakati ambao vita havijasahauliwa na makaburi yalikuwa bado mapya.

Picha zenyewe ni za mambo matano katika maisha ya Kristo: kuzaliwa, kubatizwa, Karamu ya Mwisho, uchungu wa Gethsemane, na kusulibiwa. Kristo ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi ya Wakikuyu, yenye miinuko na mabonde yake. Watazamaji wengi wameishia hapo na kuisifu kazi kwa neno lile lile lililotajwa mwanzoni. Lakini kumweka Kristo katika nchi ya mtazamaji si jambo lililozuliwa Afrika. Pieter Bruegel alipochora mwaka 1566 Yusufu na Mariamu wakifika Bethlehemu kuhesabiwa, aliwafikisha katika kijiji cha Flanders kilichofunikwa na theluji. Hakuna mhakiki aliyemsifu Bruegel kwa kuwa “wa Kizungu”. Husifiwa kwa namna alivyompoteza Mariamu katika umati wa watu wenye shughuli zao, hata mtazamaji hana budi kumtafuta. Haki hiyo hiyo yampasa Njau. Inafaa kuulizwa nchi ile imefanya kazi gani ndani ya picha.

Jibu ni kwamba imewaondolea watazamaji udhuru. Picha za Ulaya zilizochapwa kwa wingi na kusambazwa na wamisioni zilimwonyesha Kristo mwenye nywele za dhahabu akitembea katika nchi isiyo na jirani. Mkristo wa Murang'a aliweza kuzistahi picha hizo bila kujiona ndani yake. Habari ya msalaba ilikuwa kweli, lakini ilitukia mbali. Msalaba ukisimama juu ya mwinuko unaofanana na ule unaoonekana nje ya mlango wa kanisa, mtazamaji hawezi tena kuiweka habari hiyo mbali. Hulazimika kuuliza ni nani aliyesulibiwa hapa, na ni nani aliyesimama akitazama. Katika wilaya ambayo ndugu waliuana na majirani walichongeana, hayo yalikuwa maswali mazito.

Hapo ndipo ulipo ubora wa kazi ya Njau, na hapo pia ndipo ulipo mpaka wake. Jengo lilikuwa ukumbusho wa upande mmoja wa mateso. Waliokufa kwa kukataa kiapo walitajwa kwa heshima; lakini wilayani walikuwako pia waliokufa porini, waliofungwa kambini, na wake na watoto waliohamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kristo mweusi anayeteswa mbele ya dola hawezi kumilikiwa na upande mmoja. Aliyempoteza mwana kwa panga za usiku aliweza kumwona mwanawe ndani ya picha. Na aliyempoteza mwana kwa kitanzi cha serikali aliweza kumwona wake pia. Picha ilisema mengi kuliko jengo lililoihifadhi. Haifai kudai kwamba mchoraji alikusudia yote hayo. Yatosha kusema kwamba ugeni wake ulimsaidia. Hakuwa na deni kwa ukoo wowote wa pale, na kwa hiyo aliweza kuuchora uchungu bila kuugawa.

Hata hivyo jambo moja halikosi kuonekana kwa mtazamaji makini. Picha ni tano, na ya mwisho ni ya msalaba. Ufufuo haumo. Laweza kutolewa jibu kwamba kanisa la mashahidi lilitaka habari ya mateso, na kwamba ufufuo huhubiriwa kila Jumapili kwa maneno. Jibu hilo ni sawa, lakini halimalizi shauri. Mtu anayeingia katika jengo lile kila juma, mwaka baada ya mwaka, hutembezwa kwa macho toka horini hata msalabani, kisha husimamishwa. Picha haiwezi kumsogeza mbele zaidi. Rangi imekauka ukutani, na mtazamaji ameachwa na kifo. Kinachoweza kumwondoa hapo ni kitu kinachokwenda, na kati ya sanaa zote za ibada kilicho chepesi cha kwenda ni wimbo.

Lakini wimbo una taabu ambayo picha haina. Picha haihitaji kutafsiriwa. Wimbo hauwezi kuwako bila lugha. Nyimbo za kwanza za Kikristo kwa Kiswahili zilikuwa, kwa sehemu kubwa, tafsiri zilizotungiwa mahadhi ya Ulaya, na watafsiri walikutana mara moja na vizuizi viwili. Cha kwanza ni wingi wa silabi. Mahali Mwingereza anapotaja jina la Mungu kwa sauti moja, Kiswahili hudai mbili; neno lake moja fupi la kutaja fadhili za Mungu huwa “neema”, lenye silabi tatu. Mahadhi hayanyoshwi, basi maneno hukatwa. Viambishi vya nafsi hudondoshwa, “alikufa” huwa “'likufa”, na baada ya muda lugha ya nyimbo za kanisa hupata sura yake yenyewe, ambayo si ya mtaani wala si ya washairi. Ni kweli kwamba washairi wa pwani nao hufupisha maneno, lakini wao hufupisha kwa kanuni za ufundi wao, na mtafsiri alifupisha kwa kukosa nafasi.

Kizuizi cha pili ni mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili toka mwisho. Kwa hiyo “Mungu”, “Bwana”, “Roho” na “neno” zote huanza kwa nguvu na kuishia kwa ulegevu. Mahadhi mengi ya nyimbo za Kiingereza huanza kinyume, kwa sauti nyepesi inayofuatwa na nzito. Neno “Mungu” likiwekwa mwanzoni mwa mstari wa namna hiyo, uzito huangukia “-ngu”, na jina lililo kuu kuliko yote hutamkwa vibaya kuliko yote. Wenye kudhani kwamba jambo hili ni dogo na walikumbuke neno “barabara”, ambalo mkazo peke yake hutenga njia ya kupitia na jambo lililo sawasawa. Katika lugha zenye toni, kama Kihaya, Kichaga na Kikuyu, hatari huwa kubwa zaidi, kwa sababu mahadhi yakipanda mahali toni inaposhuka, neno laweza kugeuka na kuwa neno jingine.

Yawezekana mjuzi wa ushairi wa pwani akapinga kwamba mizani ya Kiswahili huhesabu silabi na haihesabu mkazo, na kwamba mghani wa utenzi huvuta silabi apendavyo pasipo mtu kulalamika. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halihusu jambo lile lile. Mghani huvuta sauti huku akiyafuata maneno. Kipande chake cha mizani nane humalizikia katika kina, na kina humpa msikilizaji mahali pa kupumzikia. Wimbo wa kinanda huenda kwa mapigo yaliyopangwa kabla maneno hayajaletwa. Kwa mghani mahadhi ni mtumishi wa maneno, na kwa kinanda maneno ni mtumishi wa mahadhi. Kitabu kilichoenea sana cha “Tenzi za Rohoni” kimechukua jina kutoka kwa washairi, lakini yaliyomo hayafuati kanuni ya utenzi hata kidogo. Mtu atakaye kuona utenzi wa Kikristo ulio utenzi kweli hana budi kumwendea Mathias Mnyampala, Mgogo aliyeyaweka maisha ya Kristo katika mizani ya pwani kwa “Utenzi wa Enjili Takatifu”, uliochapishwa Ndanda mwaka 1963. Kazi hiyo imetimiza sheria zote za bahari yake. Lakini ni kazi ya msomaji na mghani mmoja. Umati wa watu waliosimama kanisani hauwezi kuiimba kwa pamoja, wala haikutungwa kwa ajili hiyo.

Mwaka huo huo wa 1963 mambo mawili yalionyesha kwamba swali limeiva. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akihoji kwa hoja za sheria na za muziki kwa nini mahadhi ya Wabantu yazuiwe mlangoni. Na tarehe 4 Desemba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya liturujia, ambalo lilitaka muziki wa mataifa yenye desturi zake upewe heshima na nafasi katika ibada. Kwa upande wa Walutheri kazi ilikuwa ikifanyika katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, karibu na Arusha. Howard Olson, mmisioni Mmarekani aliyefundisha hapo, alikuwa mtaalamu wa lugha kabla ya kuwa mkusanyaji wa nyimbo. Uchunguzi wake juu ya sauti na sarufi ya Kirimi, lugha ya Wanyaturu, ulichapishwa mwaka 1964. Mtu aliyekwisha kuhangaika na toni za Kirimi hakuhitaji kuelezwa mahadhi mageni hufanya nini kwa neno la Kibantu. Aliwahimiza wanafunzi watunge juu ya mahadhi ya kwao. Kati ya nyimbo zilizotokea hapo ziko mbili za watungaji Wahaya ambazo zimevuka mipaka ya nchi: “Njoo kwetu, Roho mwema” wa Wilson Niwagila, na huu wa Kyamanywa.

“Mfurahini, Haleluya” ni hadithi. Beti zake humchukua mwimbaji toka kaburini, kupitia siku tatu za kifo, hata kwa malaika anayewatuliza waliokuja kwa hofu, na mwishowe humtuma akaeneze habari. Kila ubeti hufuatwa na kiitikio kinachowaita wote kuimba kwa furaha. Muundo huo ni wa zamani kuliko kanisa lolote la Afrika ya Mashariki. Ndio muundo wa hadithi za jioni, ambapo msimulizi huendesha kisa na wasikilizaji hukipokea. Kwa sababu hiyo asiyejua kusoma hana hasara. Anaweza kungoja kiitikio akaingia, na baada ya Pasaka mbili au tatu huwa amezijua na beti. Maneno nayo yametungwa pamoja na mahadhi, hayakuletwa baadaye kujaza nafasi. Ndiyo sababu hayana makovu ya kukatwa yanayoonekana katika tafsiri.

Mwanasarufi hatakosa la kusema, na neno lake la kwanza litakuwa juu ya jina lenyewe la wimbo. Kiswahili Sanifu kingedai “furahini”, kama amri ni ya wengi, au “mfurahieni”, kama anayefurahiwa ni Kristo. “Mfurahini” imesimama katikati, haikukamilika kwa kanuni hii wala ile. Je, mhariri wa kitabu cha nyimbo angefaa kuisahihisha? Kuna sababu ya kujibu kwamba hapana. “Furahini” ingepunguza silabi ya kwanza ambayo wimbo hukanyagia unapoanza. “Mfurahieni” ingeongeza silabi ambayo mahadhi hayana nafasi yake. Zaidi ya hayo, neno hilo limekwisha kukaa vinywani mwa sharika zisizo na idadi, na waimbaji hulielewa pasipo kusita. Makosa ya mtafsiri aliyebanwa na mahadhi ya wengine ni jambo moja. Umbo lililozaliwa ndani ya wimbo wenyewe na kukubaliwa na wenye kuuimba ni jambo jingine, na mwanasarufi atafaidi zaidi kwa kuliandika katika daftari lake kuliko kulifuta.

Kasoro iliyo nzito zaidi iko kwingine. Mahadhi ni ya Kihaya, na maneno ni ya Kiswahili. Msambaa au Mpare anayeuimba wimbo huu hakuzaliwa na mahadhi hayo. Kwake ni mageni, ingawa hayatoki mbali sana. Na Mhaya mwenyewe anaimba mahadhi ya kwao kwa lugha ambayo si ya mamake. Kama kipimo kingekuwa uasilia mtupu, wimbo ungeanguka pande zote mbili, kama vile picha za Murang'a zingeanguka kwa kuwa mkono uliozichora haukuwa wa Mkikuyu. Lakini hazikuanguka, na sababu ya kutoanguka ndiyo inayostahili kushikwa na wahakiki. Njau aliwachorea watu nchi yao wenyewe, ingawa yeye hakuwa wa nchi hiyo. Kyamanywa aliwapa watu wa makabila mengi wimbo ambao lugha yake ni ya wote na mwendo wake unamruhusu kila mmoja kuingia. Uenyeji wa kazi haukuwa katika ukoo wa mtungaji. Ulipatikana pale watu walipoweza kuitumia pasipo kuacha usemi wao na kumbukumbu zao nje ya mlango.

Kipimo hicho hukata pande zote mbili. Kwa hicho, wimbo wa Ulaya haulaaniwi kwa sababu ya Uzungu wake. Ipo tafsiri ambayo imekaa vizuri katika mkazo wa Kiswahili, na waumini wameifanya yao. Na kwa hicho hicho, kazi ya mwenyeji yaweza kukataliwa: picha iliyojaza mikuki, vibuyu na ngoma ili kumfurahisha mgeni, na wimbo uliotiwa kayamba juu ya maneno yaliyokatwa-katwa, zote ni unakili, hata kama aliyezifanya ni mwana wa nchi. Njau mwenyewe amejulikana kwa fundisho lake kwamba anayenakili humlaza Mungu usingizi. Fundisho hilo huelekezwa mara nyingi kwa wanaoiga Ulaya, lakini halikumwacha mtu anayeiga sura ya Uafrika iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya soko.

Safari ya baadaye ya kazi hizo mbili imethibitisha tofauti ya asili yao. Wimbo wa Kyamanywa ulitafsiriwa na Olson kwa Kiingereza, ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Sasa ni zamu ya Kiingereza kutafuta silabi za kutosha chini ya mahadhi ya Kihaya. Picha za Murang'a hazikuweza kusafiri; anayetaka kuziona hana budi kwenda zilipo, na kuzitazama katika nchi ile ile zinayoionyesha. Hiyo si aibu kwa picha. Kazi iliyotoka kwa ajili ya majonzi ya mahali fulani ina haki ya kukaa hapo.

Mwaka 1965 Njau alishiriki kuanzisha nyumba ya sanaa mjini Nairobi iliyoitwa Paa ya Paa. Mwenye lugha huona mara moja mchezo wa maneno ndani ya jina hilo, kwamba mnyama paa ainuka. Na Mkristo wa Kiswahili husikia pia kitenzi kile kile anachokitumia kwa kuinuliwa kwa Kristo mbinguni. Ukuta wa Murang'a haukufika huko. Lakini waumini wake hawakosi njia ya kufika, maadamu Pasaka ikija husimama mbele ya msalaba uliochorwa na kuimba kwamba kaburi ni tupu. Wanapofanya hivyo huikamilisha kwa kinywa habari ambayo mchoraji aliwaachia njiani, na hakuna sifa iwezayo kutolewa kwa sanaa ya ibada iliyo kubwa kuliko hiyo, ya kuwa iliwaachia waabuduo kazi ya kufanya.